Ramani ya Vyoo

Mimi ni mwalimu wa Jiografia.
Niulize vyoo viko wapi kati ya Luanda na Kisumu,
nitakuchorea nikiwa nimefumba macho:
Maseno, nyuma ya kibanda cha fotokopi, ufunguo uko kwa kinyozi;
Lela, cha kanisa, Jumapili hakiingiliki;
Kisian, kituo cha mafuta, shilingi kumi,
na kumi hiyo huwa kiganjani, imelowa jasho,
gari halijasimama.

Miaka saba nilisafiri hivyo.
Ikweta inapita Maseno. Wageni hushuka kupiga picha,
mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini.
Mimi nimeshuka pale mara nyingi kuliko wao
na mstari sijawahi kuutazama.

Waliniandikia amiba. Wakaniandikia taifodi.
Wakaniandikia amiba tena, kwa mwandiko mwingine.
Virusi nilipimwa mara nne, na mara ya nne
mhudumu alinitazama kama niliyemficha kitu.
Shangazi Esendi akasema kuna mtu kanifunga,
akamtaja na jirani; uadui ule upo hadi leo.
Nikatokwa na damu, nikanyamaza.
Mwanamume hasemi habari za choo.
Mshipi niliutoboa tundu la tano kwa msumari wa moto,
kisha la sita.

Hatimaye Kisumu. Daktari Nyabera, sauti ya chini,
miwani kaifunga kwa uzi.
Siku nzima ya maji matupu na dawa ya kuharisha
(kumharisha anayeharisha! Nilicheka. Mke wangu hakucheka),
kisha jicho lenye taa kwenye ncha ya mpira
likaupanda mto kinyume na maji.
"Tazama," akasema, nami nikatazama:
ukuta mwekundu, umechunika
kama barabara ya Esibuye baada ya masika.
"Kolaitisi. Si mdudu. Ni askari wako mwenyewe,
wamesahau wanamlinda nani."

Nikauliza kosa langu. Pilipili? Hasira? Deni la sacco?
Akasema si kosa. Urithi kidogo,
vijidudu vya tumboni kidogo,
na sehemu kubwa bado hatujui.
Sikuwahi kumsikia daktari akisema hatujui.
Hapo ndipo nilipomwamini.
Vitabu alivyosomea, akasema, viliuita ugonjwa wa ng'ambo.
"Hatukuuona kwa sababu hatukuutafuta."
Nikakumbuka ramani za kale ninazowaonyesha wanafunzi:
palipoachwa peupe
si kwamba hapakuwa na watu.

Vidonge vya kwanza vilinivimbisha uso kama andazi;
Kidato cha Pili wakaniita Mwezi Mpevu.
Vya pili vikachoka njiani.
Sasa ni sindano, kila baada ya wiki mbili,
nakala ya ile ya bei ya ng'ombe;
hii ni ya bei ya mbuzi. Mbuzi mnene.
Haiwaui askari. Inaiziba tarumbeta
inayowaita vitani.
Sijapona; Daktari halipendi neno hilo.
Ugonjwa umelala, anasema, tusiukanyage.

Lakini sindano inataka baridi, na kwangu hakuna friji.
Basi inalala dukani kwa Mama Ayuma,
kati ya maziwa lala na soda ya chungwa.
Siku ya kwanza aliuliza, "Ni ya nini, Mwalimu?"
Kimya cha miaka saba kikanijaa mdomoni.
Nikamwambia. Tumbo, damu, choo, yote,
mbele ya wateja wawili waliofuata sukari.
Akapangusa rafu. Akaipangusa tena.
"Omukunda wangu," akasema, "naye hutokwa na damu.
Anasema ni amiba."

Nilimwandikia jina la daktari
kwenye karatasi ya kufungia mkate,
na chini yake nikachora njia:
Maseno, kinyozi.
Lela, isiwe Jumapili.
Kisian, shilingi kumi, aishike mkononi.